Alan Blumlein: fundi wa masikio mawili aliyeondoka kimya

Msomaji mpenzi, ukibisha hodi leo katika nyumba ya mtu apendaye filamu na muziki, iwe hapa pwani au kule bara, huenda ukakaribishwa katika sebule iliyogeuzwa nyumba ya sinema. Ukutani pana televisheni pana kama mlango. Kushoto spika, kulia spika, katikati spika, na nyuma ya kochi spika nyingine mbili zinazokunong'oneza kisogoni. Chini ya televisheni limekaa sanduku jeusi liitwalo risiva, na hilo ndilo mfalme wa chumba. Mvua ikinyesha katika filamu, unainua uso kutazama dari. Gari likipita, shingo yako inalifuata.

Sasa ligeuze sanduku hilo ulitazame mgongoni. Katika risiva zilizo bora utakuta safu ya matundu madogo ya mviringo yaliyoandikwa kwa Kizungu Pre Out. Wengi wa wenye risiva huyaacha yale vumbi miaka nenda miaka rudi. Lakini mjuzi huchomeka waya humo, akaupeleka katika amplifaya nyingine iliyokaa kando, yenye moto wake yenyewe, na hiyo ndiyo ikaziendesha spika kubwa za mbele. Muziki ukapata pumzi. Ngoma ikalia kama ngoma, na mwimbaji akasimama mahali pake.

Nyuma ya spika zile mbili, na ndani ya amplifaya ile ya kando, umo mkono wa mtu ambaye jina lake halimo vinywani mwa watu. Aliitwa Alan Dower Blumlein, mhandisi wa Kiingereza, aliyeaga dunia mwaka wa 1942 kabla hajatimiza miaka 39. Katika umri huo mfupi aliacha hati za uvumbuzi 128. Wahenga walinena kwamba chanda chema huvikwa pete. Chanda hiki kilikuwa chema kupita kiasi, lakini pete yake ilichelewa mno, na kisa cha kuchelewa kwake ndicho ninachotaka kukusimulia leo.

MTOTO WA KENGELE

Blumlein alizaliwa Hampstead, jijini London, tarehe 29 Juni 1903. Baba yake, Semmy Blumlein, alikuwa mhandisi wa migodi, mzaliwa wa Ujerumani aliyechukua uraia wa Uingereza. Mama yake, Jessie, alikuwa binti wa William Dower, mmishenari Mskoti aliyefanya kazi Afrika Kusini. Kwa hiyo lile jina lake la katikati lina vumbi la Afrika ndani yake, ingawa mwenyewe alikulia katika ukungu wa London.

Alipokuwa na umri wa miaka saba, kengele ya mlango wa nyumba yao iliharibika. Mtoto akaitengeneza. Kisha akakaa chini, akamwandikia baba yake hati ya madai ya kazi hiyo, akaitia sahihi na kujiita mhandisi wa umeme. Watoto wa umri ule hudai peremende. Huyu alidai ujira wa fundi.

Lakini usidhani kwamba alikuwa mwanafunzi wa kutolewa mfano. Kusoma kulimshinda kwa muda mrefu, na hadi alipofika miaka kumi na miwili alikuwa bado anababaisha. Huku kwetu mtoto wa umri huo aliyetiwa chuoni mapema angekuwa amekwisha kuhitimu msahafu na kufanyiwa karamu. Walimu wengi wangemhesabu mjinga, wakamweka nyuma ya jamvi. Kumbe kichwa chake kilikuwa kimejaa hesabu, tena zile ngumu za aljebra ambazo wenzake waliokuwa wakisoma vitabu vizimavizima hawakuzijua. Hili ni funzo kwa kila mwenye kushika kiboko darasani: akili ina milango mingi, na mmoja ukiwa umefungwa haifai kudhani kwamba nyumba ni tupu.

Alisoma Highgate School, kisha akaingia chuo cha uhandisi cha City and Guilds, London, akatoka mwaka wa 1923 na shahada ya daraja la kwanza. Mwaka uliofuata, 1924, akaajiriwa na kampuni ya International Western Electric kushughulikia simu za masafa marefu.

SIMU ZILIZOVUJIANA

Wakati huo nyaya za simu za Ulaya zilikuwa na ugonjwa mmoja wa aibu. Maneno yaliyokuwa yakisemwa katika waya mmoja yalikuwa yakivuja na kusikika katika waya wa jirani. Mfanyabiashara alikuwa akizungumza bei zake na wakala, huku mtu mwingine mji mwingine akimsikia kwa mbali kama mzuka. Blumlein alipewa kazi ya kuuponya ugonjwa huo, akauponya kwa hesabu za kusawazisha umeme ndani ya nyaya. Likumbuke jambo hili, msomaji. Kelele zinazoingia mahali zisipoalikwa ndizo zilizomsumbua maisha yake yote, na dawa yake ilikuwa ile ile siku zote: kusawazisha.

Mwaka wa 1929 akahamia kampuni ya santuri ya Columbia, chini ya mkuu wake Isaac Shoenberg, mhandisi aliyezaliwa katika dola ya Urusi. Columbia ilikuwa na kidonda chake. Mashine ya umeme ya kukatia santuri ilikuwa mali ya Wamarekani, na kwa kila santuri iliyouzwa kulikuwa na ushuru wa kuwalipa. Shoenberg alitaka mashine nyingine isiyogusa hati za Wamarekani hata kwa ukucha. Watu walidhani haiwezekani. Blumlein na wenzake, miongoni mwao Herbert Holman, wakaunda mashine mpya kabisa, na maikrofoni mpya juu yake. Ushuru ukakoma, na sauti ikatoka safi zaidi kuliko ya zamani.

Hapa pana uzi unaofika mpaka kwetu. Mwaka wa 1928 Siti binti Saad wa Unguja alivuka bahari hadi Bombay kuimba mbele ya maikrofoni za HMV, na santuri zake zikaenea pwani yote kama moto wa makuti. Mnamo 1931 kampuni iliyomiliki chapa ya HMV iliungana na Columbia, ikazaliwa kampuni moja kubwa, EMI. Sisemi kwamba Blumlein alimrekodi Siti, la hasha. Nasema kwamba nyumba iliyoibeba sauti ya Siti ndiyo nyumba aliyoifanyia kazi Blumlein mpaka kufa kwake. Na nasema kwamba Siti, pamoja na udi na fidla na dumbaki zilizomzunguka, alitoka katika tundu moja la gramafoni kana kwamba waimbaji na wapigaji wote wamesimama safu moja nyuma ya tundu la ufunguo. Hivyo ndivyo dunia nzima ilivyosikia muziki wakati ule. Ilisikia kwa sikio moja.

USIKU WA SINEMA

Mapema mwaka wa 1931 Blumlein alikwenda sinema pamoja na Bi. Doreen Lane, ambaye baadaye alikuja kumwoa. Filamu za kusema zilikuwa bado ni kioja kipya. Watu walikuwa wakishangaa kwamba picha inatamka. Blumlein hakushangaa, alikereka. Mchezaji alikuwa akitembea kutoka upande mmoja wa pazia mpaka upande wa pili, lakini sauti yake haikutembea naye. Ilibaki pale pale ilipo spika. Mwili ulikuwa kulia na ulimi kushoto.

Alimweleza Bi. Doreen kwamba kipofu aliyeketi katika sinema ile asingeweza kujua nani yuko wapi, na kwamba yeye ameipata njia ya kuifanya sauti imfuate mtu anayesema. Katika ukumbi ule walijaa watu waliolipa kiingilio na kurudi makwao wakiwa wameridhika. Mmoja tu ndiye aliyerudi na kazi.

Tarehe 14 Desemba 1931 aliwasilisha maombi ya hati ya uvumbuzi ambayo ilikuja kukubaliwa mwaka wa 1933 kwa nambari 394,325. Ndani yake mlikuwa na madai 70, na karibu kila kitu tunachokiita leo sterio kimo humo.

MASIKIO MAWILI, SPIKA MBILI

Shina la jambo lenyewe ni rahisi. Mungu amempa binadamu masikio mawili, na hakuyaweka mahali pamoja. Mtu akikuita kutoka kushoto, sauti yake hulifikia sikio la kushoto kwanza, kisha la kulia baada ya punje ndogo mno ya wakati, na upande wa kulia huwa imefifia kidogo kwa kuwa kichwa kimeizuia. Ubongo huzipima tofauti hizo mbili, wa wakati na wa nguvu, ukajua bila kufikiri kwamba mwitaji yuko kushoto. Ndiyo maana ukiwa gizani huhitaji taa kujua muadhini yuko upande gani.

Blumlein aliuliza vipi tofauti hizo zitahifadhiwa na kurudishwa. Akaweka maikrofoni mbili. Akabuni sakiti ya kuzigeuza tofauti za wakati kuwa tofauti za nguvu, ili msikilizaji aliyekaa mbele ya spika mbili adanganyike kwa haki. Akaonyesha pia namna ya kuziweka maikrofoni mbili mahali pamoja, moja ikitazama kushoto na nyingine kulia kwa pembe ya mraba, na wanaorekodi muziki huitumia mbinu hiyo mpaka leo na kuiita kwa jina lake.

Palibaki swali la santuri. Sindano ni moja na mfuo ni mmoja, sauti mbili zitakaa wapi? Blumlein alijibu kwamba mfuo una kuta mbili. Ukuta huu ubebe sauti ya kushoto, na ule ubebe ya kulia, kila mmoja ukiinama kwa digrii 45, na sindano ile moja izisome zote mbili kwa pamoja.

Sisi watunzi wa mashairi twaweza kulielewa jambo hili upesi. Mshororo mmoja una vipande viwili, ukwapi na utao, na kila kipande kina kina chake. Ukisoma ukwapi peke yake, maana huenda ikapatikana, lakini muziki umekufa. Ni vile vipande viwili vikijibizana ndipo mshororo unapokuwa na umbo. Blumlein aliipa sauti ukwapi na utao.

Mwezi wa Januari 1934, katika studio za EMI za Abbey Road, London, mitambo yake ilimrekodi Sir Thomas Beecham akiiongoza London Philharmonic katika simfoni ya Mozart iitwayo Jupiter. Mwaka wa 1935 wakapiga na filamu za majaribio. Katika moja treni zinapita katika stesheni ya Hayes, karibu na karakana zao, na sauti inapita pamoja nazo. Ile ghadhabu ya usiku wa sinema ilikuwa imepata jibu.

Tuwe waadilifu pia. Marekani nako maabara ya Bell yalikuwa yakiitafuta njia hiyo hiyo, na mwaka wa 1933 yalipeleka muziki wa Philadelphia kwa nyaya mpaka Washington, ukatoka katika spika tatu: kushoto, katikati na kulia. Sebule ya leo imerithi kwa wote wawili. Lakini hati ya Blumlein ilikuwa imekwisha kuandikwa.

Ungedhani EMI ingezitoa santuri hizo madukani mara moja. Haikuzitoa. Mashine za kuzipigia zilikuwa ghali, nyakati zilikuwa ngumu, na kampuni ilikuwa na windo kubwa zaidi. Kazi ya sterio ikawekwa kabatini, na fundi wake akaitwa kwingine.

MIZANI YA BLUMLEIN

Windo lenyewe lilikuwa televisheni. Shoenberg na kundi lake, Blumlein akiwa mmoja wa nguzo zake, waliunda televisheni ya umeme mtupu yenye mistari 405. Tarehe 2 Novemba 1936 BBC ilianza kutangaza kutoka Alexandra Palace, ikibadilishana mfumo huo na ule wa John Logie Baird wenye mistari 240. Mapema mwaka wa 1937 mfumo wa Baird ulitupwa. Ule wa EMI ulidumu Uingereza mpaka 1985.

Tarehe 12 Mei 1937 ilikuwa siku ya kutawazwa Mfalme George wa Sita, na BBC ilitaka watu waione kutoka barabarani. Waya maalumu ulipitishwa chini ya mitaa ya London. Lakini mji mkubwa ni bahari ya kelele za umeme, na kelele hizo ziliingia katika waya bila hodi, kama zile simu za ujana wake.

Blumlein alikuwa na dawa, sakiti aliyoiandikia hati mwaka wa 1936. Ifikirie kama mizani ya dukani yenye vitanga viwili. Ukiweka ratili moja kitanga hiki na ratili moja kitanga kile, ulimi wa mizani hausogei. Husogea tu pakiwa na tofauti. Alizifunga valvu mbili pamoja kwa namna hiyo. Kelele ilipoingia ilizigusa nyaya zote mbili sawasawa, na mizani haikuijali. Ishara ya picha ilikuwa ni tofauti kati ya waya na waya, na hiyo ndiyo pekee iliyopita na kukuzwa.

Sasa turudi kwa yule bwana mwenye risiva, maana hapa ndipo anapokutana na marehemu. Risiva ni ofisi mbili katika chumba kimoja. Ofisi ya kwanza huchagua chombo cha kusikilizwa, hufumbua sauti iliyofumbwa katika filamu, huigawa kwa spika tano au saba, na kupunguza au kuongeza kiasi chake. Mpaka hapo sauti bado ni dhaifu, ya volti moja au mbili tu. Ofisi ya pili huichukua sauti hiyo dhaifu na kuipa misuli ya kusukuma spika. Taabu ni kwamba misuli ya spika zote saba hula chungu kimoja, yaani transfoma moja. Wati zilizoandikwa katika boksi mara nyingi zimepimwa spika mbili tu zikilia. Filamu ikilipuka pande zote kwa mara moja, chungu hakitoshi, na sauti huanza kukwaruza.

Yale matundu ya Pre Out ni mlango kati ya ofisi hizo mbili. Humo sauti hutoka ikiwa imekwisha kugawiwa na kupimwa, lakini bado haijapewa misuli. Ukiipeleka katika amplifaya ya kando, spika za mbele zitakula chungu chao, na risiva itabaki na kazi nyepesi ya kulisha zile za nyuma. Lakini kazi hii ina adabu zake. Waya utoke katika matundu yale madogo, si pale panapofungwa nyaya za spika, kwa maana nguvu za huko huweza kuiunguza amplifaya. Spika iliyohamishiwa kwa amplifaya ya kando ifunguliwe kabisa kutoka kwa risiva, maana spika moja haiolewi na waume wawili. Washa risiva kwanza na amplifaya mwisho, na wakati wa kuzima anza na amplifaya, ili spika zisipigwe kishindo. Kisha vipime upya viwango vya spika zote, kwa kuwa amplifaya ngeni huenda ikakuza zaidi au kidogo kuliko ile ya ndani, na bila kupima, spika za mbele zitawafunika wenzao.

Baada ya hayo yote huenda ukasikia mvumo, kama nyuki katika mzinga. Hiyo ni ile ile kelele isiyoalikwa. Ndiyo maana vyombo vya bei ya juu vina waya wa pini tatu, ambamo sauti hupita katika nyaya mbili zilizopingana, na mwisho wa safari pana mizani ya kuipima tofauti. Hata amplifaya za transista zenye waya wa kawaida, nyingi hupokea sauti kwa jozi ya namna hiyo hiyo katika hatua yake ya kwanza. Blumlein alifanya pia kazi katika hatua ya mwisho. Mwaka wa 1937 aliandikia hati njia ya kuziunga valvu za nguvu na transfoma yake ili sauti itoke kubwa bila kukwaruza. Njia hiyo ililala mpaka 1951, Wamarekani wawili, David Hafler na Herbert Keroes, walipoieneza kwa jina jingine, na wapenzi wa amplifaya za valvu wanaisifu hadi leo.

TABIA ZAKE

Nje ya karakana alikuwa mtu wa nyumbani. Alimwoa Bi. Doreen mwaka wa 1933, wakajaliwa wana wawili, Simon na David. Alipenda kurusha ndege na alijifunza urubani. Hakuwa malaika. Rafiki zake walimfanyia mzaha kwamba hakuwa na subira na mtu asiye na akili ya daraja la kwanza, na mzaha kama huo hauzuki bila sababu. Lakini aliyekuwa tayari kufikiri alimkuta tayari kueleza, na hati nyingi amezishiriki na wenzake.

ALASIRI YA TAREHE SABA JUNI

Vita vya Pili vilipozuka mwaka wa 1939, EMI ilikuwa imekwisha kuyatumia masikio mawili ya Blumlein katika vyombo vya kuwasaidia askari kujua ndege ya adui inatokea upande gani. Baadaye akaingizwa katika kazi za rada. Kubwa kupita zote iliitwa H2S, rada ya kubebwa ndani ya ndege ili kuichora ardhi iliyo chini, hata usiku na hata juu ya mawingu.

Jumapili tarehe 7 Juni 1942 ndege aina ya Halifax, nambari V9977, iliruka kutoka uwanja wa Defford ikiwa imebeba rada hiyo kwa majaribio. Ndani yake walikuwamo wanajeshi na wataalamu, jumla watu 11. Pamoja na Blumlein walikuwamo wenzake wawili wa EMI, Cecil Browne na Frank Blythen. Alasiri hiyo injini ya mwisho ya upande wa kulia ilishika moto, na moto haukuzimika. Bawa likaungua. Ndege ikaanguka karibu na kijiji cha Welsh Bicknor, kando ya mto Wye. Hakupona hata mmoja.

Uchunguzi ulionyesha kwamba nati moja ndogo ndani ya injini haikukazwa sawasawa ilipokaguliwa. Nati ikalegea, valvu ikachoka na kukatika, na moto ukazaliwa. Watu 11 na elimu yote ile viliondoka kwa kosa la nusu dakika la mkono uliokuwa na haraka. Kila fundi na aikumbuke nati hiyo.

Usiku ule ule Bernard Lovell, mwanasayansi kijana aliyekuja kuwa bingwa wa kuzichunguza nyota kwa redio, alikuwako penye mabaki. Mabaki yalichakurwa kwa sababu ile rada ilikuwa siri kubwa. Winston Churchill aliamuru kazi iharakishwe, ikamalizwa na wengine, na tarehe 30 Januari 1943 rada hiyo ikaanza kuziongoza ndege za mabomu, safari ya kwanza ikiwa ya Hamburg.

Hapa kalamu ya mwandishi inasita. Mtu aliyetaka sauti imfuate mwenye kusema ndiye aliyesaidia mabomu yaufuate mji gizani. Waliokuwa chini ya mabomu hayo hawakuwa askari watupu. Wakati ule Uingereza ilikuwa ikipigania roho yake, na simhukumu marehemu kwa hilo. Nalitaja kwa sababu maisha ya mtu si wimbo wa kusifu, na elimu ni kisu, hukata mkate na hukata mkono.

KIMYA KIREFU

Kwa kuwa alikufa ndani ya siri, kifo chake nacho kilifungwa ndani ya siri. Hakikutangazwa kama kinavyotangazwa kifo cha mtu mkubwa, na magazeti hayakupata kueleza alikuwa akifanya nini katika ndege ile. Bi. Doreen alibaki na watoto wawili wadogo, na huzuni asiyoweza kuisimulia. Vita vilipokwisha, dunia ilikuwa na majina mengi ya kuyakumbuka, na jina hili halikuwamo.

Mwaka wa 1958 santuri za sterio zilijaa madukani Ulaya na Marekani, sauti mbili zikiwa katika kuta mbili za mfuo mmoja, kwa digrii 45. Watu wakaipokea kama ajabu iliyozaliwa jana. Muda wa hati ya Blumlein ulikuwa umekwisha kupita, na mwenyewe alikuwa amekwisha kufa miaka 16. Mla ni mla leo, mla jana kala nini.

Heshima zilikuja pole pole, kama deni linalolipwa senti senti. Mwaka wa 1977 nyumba aliyokuwa akiishi Ealing, London, ilibandikwa kibao cha kumbukumbu. Mwaka wa 1992, miaka 50 baada ya ajali, dirisha la vioo vya rangi liliwekwa katika ngome ya Goodrich, karibu na ilipoanguka ndege, kuwakumbuka wote waliokufa. Mwaka wa 2015 jumuiya ya wahandisi wa umeme ya IEEE iliweka kibao chake Abbey Road. Na mwaka wa 2017 wakubwa wa muziki wa Marekani walimtunukia tuzo ya Grammy ya ufundi, miaka 75 baada ya kufa kwake.

Basi, msomaji, jioni utakapokaa mbele ya spika zako, ziwe mbili za redio ya kawaida au saba za sinema ya nyumbani, funga macho kidogo. Msikilize mpiga udi aliye kushoto na mwenye dumbaki aliye kulia, na mwimbaji aliyesimama katikati pasipo na spika yoyote. Hapo katikati, mahali patupu panaposema, ndipo alipo Alan Blumlein. Na kama una risiva yenye matundu yanayokula vumbi, yafute vumbi, ukaze kila kitu sawasawa, kisha uwashe.